Kadi Hii Niitume Ipewe Gredi, au Niiache Ilivyo?

Swali hili halikauki, na kila anayeliuliza ana haraka. Mtu wa Minneapolis amenunua boksi la kadi za kikapu kwenye mauzo ya gereji ya jirani. Mwingine yuko Columbus. Mwanawe amefungua pakiti ya kadi za Prizm ikatoka kadi ya kumeremeta, na shuleni ameambiwa inatosha kununua gari. Wapo na walioko Dar es Salaam na Mombasa, ambao ndugu aliyeishi Marekani miaka ya tisini amerudi na kadi zake kwenye begi. Wote wanataka neno moja tu: niitume kwa PSA, kampuni ya kupima kadi, au nisiitume?

Sijaiona kadi yako, lakini ukinilazimisha nijibu hapo hapo nitasema usiitume. Kadi nyingi mno hurudi zikiwa zimeongezeka thamani kidogo kuliko pesa iliyotumika kuzituma, na mwenyewe hajui kwa sababu anatazama kasha linavyopendeza, hesabu hajapiga. Makala haya ni ya kukusaidia kuzitambua zile chache ambazo jibu lake ni ndiyo.

## Gredi yenyewe, kwa ufupi

Kampuni inapokea kadi ghafi, yaani kadi ambayo haijawahi kupimwa. Inahakiki kwamba ni halali na haijachezewa, inaipa alama kuanzia 1 hadi 10, kisha inaifungia ndani ya kasha la plastiki gumu lenye lebo na namba yake. Wakubwa wa kazi hii ni PSA iliyoanza mwaka 1991, SGC ya mwaka 1998, Beckett ambao gredi zao huitwa BGS, na CGC walioingia kwenye kadi mwaka 2020.

Mnunuzi hulipia lebo kwa sababu inamwondolea hofu mbili: kwamba kadi ni feki, na kwamba muuzaji ameficha kasoro. Kadi ya dola tano haimtii mtu hofu yoyote. Lebo yake haina cha kuuza.

## Hesabu kwanza, lenzi baadaye

Wengi huanza kwa kukodolea macho pembe za kadi. Anza na bei. Unahitaji namba nne:

- kadi inauzwa kiasi gani ikiwa ghafi;
- inauzwa kiasi gani ikiwa na gredi 9;
- inauzwa kiasi gani ikiwa na gredi 10;
- gharama yote ya kutuma: ada ya kampuni, posta ya kwenda, posta ya kurudi, na bima.

Nikisema bei nina maana ya pesa iliyolipwa. Bei anayoiomba muuzaji ni ndoto yake, usiiandike popote. Kwenye eBay chuja uone vitu vilivyokwisha kuuzwa tu. Tovuti ya 130point huonyesha hata bei iliyokubaliwa baada ya watu kupatana, jambo ambalo eBay yenyewe hailiweki wazi. PSA nao wana kumbukumbu za bei za minada. Chukua mauzo matano au sita ya karibuni, tupa la juu kabisa na la chini kabisa, tazama yaliyobaki. Ukikuta kadi haijauzwa hata mara moja kwa miezi kadhaa, hiyo nayo ni habari: hata ukipata gredi nzuri, utakaa nayo.

Tuchukue mfano. Tuseme kadi yako ikiwa ghafi huuzwa dola 40, ikiwa na PSA 9 dola 60, na ikiwa na PSA 10 dola 160. Ada ya kampuni tuseme ni dola 28, na fungu lake la posta na bima dola 10, hivyo gharama ni dola 38. Ukiuza kupitia eBay watakata takriban asilimia 13.

- Ukiiuza ghafi leo, mkononi zinabaki dola 34.80.
- Ikirudi 10, ukitoa makato na gharama zinabaki dola 101.20. Umezidi kwa dola 66 na ushee.
- Ikirudi 9, zinabaki dola 14.20. Ungeiuza ghafi ungekuwa na dola 20 zaidi.
- Ikirudi 8, ambayo mara nyingi huuzwa karibu na bei ya ghafi, unatoa dola 3 mfukoni mwako na kadi umeshaiuza.

Sasa tuseme umetuma kumi za namna hiyo. Tatu zimerudi 10, tano zimerudi 9, mbili 8. Utawapigia simu ndugu zako kwa furaha. Lakini ukijumlisha, umezidi kama dola 20 kwa kadi zote kumi kuliko ungeziuza ghafi siku ile ile, na umesubiri miezi.

Kwa hiyo kipimo changu ni hiki: tazama bei ya gredi 9, usitazame ya 10. Kama 9 inakurudishia gharama na kukuachia chochote, kadi inastahili kukaguliwa. Kama ni 10 peke yake inayokuokoa, iache, isipokuwa tofauti ya bei kati ya ghafi na 10 ni kubwa sana na kadi imepita ukaguzi wote ulioko hapa chini bila kasoro hata moja. Na kwa PSA kumbuka hakuna 9.5. Kuna 8, 8.5, 9, kisha 10. Ukikosa 10 kwa unywele, umeangukia 9.

Utaniambia: "Lakini yangu imetoka kwenye pakiti, haijaguswa na mtu." Hiyo haikusaidii sana. Kasoro nyingi huzaliwa kiwandani: karatasi imekatwa upande, mashine imeacha mstari usoni, pembe imegongwa wakati wa kupakia. Kadi mpya na kadi isiyo na kasoro ni vitu viwili.

## Ukaguzi wa mezani

Vifaa havizidi bei ya kutuma kadi mbili:

- lenzi ya kukuzia mara 10, kama ya masonara;
- taa ya mezani yenye mwanga mkali, au tochi ya simu;
- rula yenye milimita, ya plastiki, isiyo na kingo kali;
- kitambaa laini cha kufutia miwani;
- mifuko myembamba ya kadi, mipya.

Nawa mikono, ikaushe kabisa. Usipake mafuta kwanza, hata kama ni msimu wa baridi na ngozi imepauka. Zima taa ya dari ubaki na taa moja ya mezani, maana ukaguzi wa mchana karibu na dirisha hukupendelea. Mwanga ukitoka kila upande mikwaruzo haionekani.

Katikati. Pima ukingo wa kushoto na wa kulia, kisha wa juu na wa chini. Kwa gredi 10 PSA wanataka upande wa mbele usizidi takriban 55 kwa 45, na wa nyuma 75 kwa 25. Kwa lugha ya rula: kama kingo mbili za pembeni kwa pamoja ni milimita 4, mmoja usizidi 2.2 na mwenzake usipungue 1.8. Tofauti ni milimita 0.4, ambayo jicho huiona ikiwa limeshaambiwa itazame. Ukikuta 2.5 kwa 1.5, huna 10, hata pembe zingekuwa zimechongwa na malaika. Nimeanza na hili kwa sababu ndilo la haraka na halina ubishi: nusu ya rundo lako itaondoka hapa, na hujatumia lenzi bado. Geuza na nyuma pia. Watu husahau nyuma.

Pembe. Weka lenzi kwenye kila pembe, mbele na nyuma, mara nane. Unatafuta nukta nyeupe, nyuzi za karatasi zilizochanuka, au ncha iliyolala kidogo. Kwenye kadi yenye ukingo mweusi au wa rangi kali, weupe mdogo kama ncha ya sindano unaonekana bila lenzi. Kadi za besiboli za Topps za mwaka 1971, zenye kingo nyeusi, zimewaliza wengi kwa sababu hiyo.

Kingo. Pita polepole na lenzi pande zote nne. Kubanduka kwa rangi, mikato yenye meno, na vipande vya karatasi ya fedha vilivyoinuka vyote vinahesabiwa. Kadi za SP za mwaka 1993, alimo mchezaji wa besiboli Derek Jeter wa msimu wa kwanza, zina tabaka la kumetameta linalobanduka kwa kuguswa tu. Ndiyo maana 10 yake ni adimu sana.

Uso. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, hasa kwa kadi za kisasa zinazong'aa kama Topps Chrome na Prizm. Ishike kadi kwa kingo chini ya taa, iinamishe taratibu kuelekea kwako, kisha mbali nawe, kisha kushoto na kulia. Tazama mwanga unavyoteleza juu yake. Pale mwanga unapokatika pana kitu. Inaweza kuwa mstari mwembamba ulionyooka toka juu hadi chini, ambao ni alama ya mashine ya kuchapia. Inaweza kuwa kishimo kidogo, kama mtu amebonyeza kwa ncha ya kalamu. Inaweza kuwa mkwaruzo. Ikiwa ni ukungu wa kidole au vumbi, futa mara moja kwa kitambaa kikavu, bila kukandamiza, kisha tazama tena. Ikiwa bado ipo, ni ya kadi.

Andika gredi unayoitarajia kwenye karatasi ndogo, halafu iweke kadi kando na uikague tena baada ya siku mbili. Ukipata namba mbili tofauti, chukua ndogo.

## Kadi gani, za wakati gani

Hapa lazima nitenganishe, maana ushauri wa kadi ya mwaka 1952 ukimpa mwenye kadi ya mwaka 1991 utamfilisi.

### Rundo la 1987 hadi 1993

Hizi ndizo zinazojaa maboksi ya gereji, na ndizo zinazovunja mioyo. Kampuni zilichapisha kwa wingi wa kutisha, na watu walizihifadhi vizuri wakiamini watasomesha watoto nazo. Kadi namba 1 ya Upper Deck ya mwaka 1989, Ken Griffey Jr., ni kadi maarufu kweli kweli, lakini zenye PSA 10 zimeshazidi 4,000. Yako ikirudi 9 umenunua kasha.

Wasomaji wenye asili ya Kongo huniuliza kuhusu Dikembe Mutombo. Alichaguliwa wa nne katika drafti ya NBA ya mwaka 1991 na Denver Nuggets, akaingia kwenye Ukumbi wa Heshima, na alipofariki Septemba 2024 wengi walizitafuta kadi zake upya. Kadi zake za msimu wa kwanza ni za kipindi hiki hiki cha uchapishaji wa kupindukia. Ghafi zinapatikana kwa dola chache. Itunze, iweke kwenye fremu, mpe mtoto historia yake. Kuitumia ada ya kampuni ni mapenzi, na mapenzi yana bajeti yake.

### Kadi za kisasa

Uliza maswali matatu kabla ya yote. Je, ni kadi ya msimu wa kwanza wa mchezaji? Je, ni toleo lenye rangi maalumu na namba ya toleo, mfano 25 kati ya 99, badala ya lile la kawaida? Je, mchezaji ana jina litakalodumu? Ukipata ndiyo mbili, endelea. Ukipata moja, rudi kwenye hesabu. Hakuna hata moja? Iuze ghafi au mpe mtoto achezee.

Mfano wa nyumbani kabisa ni Hasheem Thabeet, wa Dar es Salaam, aliyechaguliwa wa pili kwenye drafti ya mwaka 2009 na Memphis Grizzlies. James Harden alikuwa wa tatu, Stephen Curry wa saba. Seti ya Topps ya msimu wa 2009-10 ina kadi za msimu wa kwanza za Thabeet na za Curry. Ukifungua boksi moja ukazitoa zote mbili zikiwa safi sawasawa, ya Curry itume bila kuniuliza, kwa sababu ghafi yenyewe huuzwa mamia ya dola. Ya Thabeet huuzwa dola chache. Gredi haiumbi hamu ya wanunuzi, inaikuza iliyopo.

Kuna na suala la muda. Bei ya kadi ya mchezaji anayecheza bado hupanda na kushuka na goti lake. Zion Williamson alipoingia NBA mwaka 2019 watu walituma Prizm zake kwa maelfu na maelfu, kisha yakaja majeraha, na wakati huo huo kila kasha jipya lilikuwa linaongeza idadi. Wewe unatuma leo. Kadi itarudi baada ya miezi, kwenye soko la siku hiyo. Hata majabali huyumba: Fleer ya mwaka 1986 ya Michael Jordan yenye PSA 10 iliuzwa dola 738,000 Januari 2021, na kabla mwaka huo haujaisha zilikuwa zikiuzwa kwa chini ya nusu ya bei hiyo.

Kabla ya kutuma kadi ya kisasa, fungua ripoti ya idadi ya PSA. Inakuonyesha kadi ngapi za aina yako zimeshapimwa na ngapi zimepata kila gredi. Ukikuta zaidi ya nusu zimepata 10, basi 10 ni kawaida na 9 ni aibu. Ukikuta 10 ni chache kwa mia, jiulize kwa nini, kisha uikague yako kwa kasoro hiyo hiyo.

### Kadi za zamani

Kwa kadi za kabla ya miaka ya sabini kanuni ya gredi 9 haifanyi kazi, na hapa wengi hukosea kwa kuogopa. Mickey Mantle wa Topps ya mwaka 1952, mwenye SGC 9.5, aliuzwa dola milioni 12.6 Agosti 2022. Lakini hata Mantle huyo huyo mwenye gredi 1, amekunjwa na kuchakaa, huuzwa kwa maelfu mengi ya dola. Mnunuzi analipia uhakika kwamba ni halali. Kwa hiyo kadi ya nyota mkubwa wa zamani itume hata ikiwa imekunjika pembe zote, ilimradi thamani yake ikiwa na gredi ya chini kabisa inalipa gharama. Kadi ya zamani ya mchezaji wa kawaida ni jambo jingine. Uzee peke yake hauna bei.

Angalia kama imekatwa. Kuna watu hupunguza kingo zilizochakaa ili pembe zionekane kali. Kashfa kubwa kuliko zote ilikuwa ya kadi ya Honus Wagner ya seti ya T206, ya kwanza kabisa kupewa gredi na PSA, yenye 8. Mwaka 2013 mfanyabiashara Bill Mastro alikiri mahakamani kwamba aliikata. Pima yako. Kadi nyingi za kuanzia 1957 ni milimita 63.5 kwa 88.9, lakini Topps ya mwaka 1952 ni kubwa zaidi na T206 ni ndogo. Njia nzuri ni kuilinganisha na kadi ya bei ndogo ya seti hiyo hiyo. Ikipungua, tahadhari.

### Jordan wa 1986, na feki kwa jumla

Kama umeikuta Fleer namba 57 ya Jordan kwenye begi la mjomba, pongezi, na usimwambie mtu bado. Ni kati ya kadi zilizoghushiwa zaidi duniani. Weka lenzi juu ya jina la mchezaji na mistari myeusi. Kwenye halali wino mweusi umekolea na kingo zake ni safi. Kwenye feki nyingi herufi zenyewe zimejengwa kwa vitone vya rangi, kwa sababu zimepigwa picha na kuchapwa upya. Ukiona halali, hii ni kadi ya kutuma hata ikiwa na gredi 4, kwani wanunuzi hawaiamini ikiwa ghafi.

### Mpira wa miguu

Fupi. Stika iliyokwisha kubandikwa kwenye albamu ya Panini haina safari ya kwenda popote, usijaribu kuibandua. Stika ambayo mgongo wake haujafunguliwa inaweza kupimwa. Messi wa msimu wa kwanza, Panini Mega Cracks ya mwaka 2004 namba 71, ni ya kutuma karibu katika hali yoyote, na feki zake nazo zipo.

## Kampuni ipi

Kwa kadi ya kisasa unayotaka kuiuza, PSA, kwa sababu moja tu: kasha lao huuzwa ghali na haraka zaidi. Kwa kadi ya zamani unayotaka kukaa nayo napendelea SGC; mara nyingi ni nafuu, na fremu yao nyeusi huipendezesha kadi ya karatasi iliyofifia. Tangu 2024 kampuni mama ya PSA ndiyo inayoimiliki SGC, lakini makasha bado yanauzwa kwa bei tofauti. BGS ina maana ukiamini kadi yako inaweza kupata 10 nne kwa katikati, pembe, kingo na uso, yaani lebo nyeusi. Hilo ni nadra. BGS 9.5 ya kadi ya kisasa kwa kawaida huuzwa chini ya PSA 10.

Soma masharti ya huduma ya siku unayotuma, maana ada hubadilika. Angalia mambo mawili hasa:

- Huduma ya bei ya chini kwa PSA hudai uanachama wa kulipia na kadi zisizopungua 20. Usijaze nafasi kwa kadi mbovu ili kufika 20. Tafuta mwenzako mshirikiane.
- Kila huduma ina kikomo cha thamani. Kadi ikirudi na gredi inayoipeleka juu ya kikomo, utadaiwa nyongeza. Ni tatizo zuri, lakini liwe kwenye hesabu yako.

## Makosa ninayoyaona kila mara

- Kuosha kadi. Maji, mate, spiriti, nta, kuikandamiza chini ya vitabu. Wapimaji hutambua, na kadi hurudi na neno la kuchezewa badala ya gredi. Kitambaa kikavu basi.
- Kuingiza kadi kwenye kava gumu bila mfuko laini. Pembe hufa hapo, mbele ya macho yako.
- Kutuma kwa kava gumu. PSA wanataka Card Saver 1, ambalo ni kava linalonyumbuka kidogo. Mfanyakazi huitoa kadi bila kuivuta. Kata kipande cha karatasi yenye gundi ukibandike juu ya mfuko kama kishikio, kisiguse kadi.
- Kutaja thamani ndogo ili kuokoa ada. Bima italipa hiyo hiyo uliyoitaja.
- Kutuma bila picha. Piga mbele na nyuma, kila kadi, kwa mwanga mzuri, kabla ya kufunga bahasha.
- Kuzipenda. Kadi uliyoipata mwenyewe kwenye pakiti huonekana 10. Mpe mtu asiyejali mpira aikague, umwambie atafute ubaya tu.

## Mlioko Afrika Mashariki

Hesabu yenu ina mistari zaidi: posta ya kimataifa yenye kufuatiliwa, ushuru wa kuingia Marekani, na ushuru wa forodha kadi zikirudi nyumbani na thamani mpya. Mwishoni mwa Agosti 2025 Marekani iliondoa msamaha wa ushuru kwa vifurushi vya chini ya dola 800, kwa hiyo ulizeni kabla ya kutuma. Kwa kadi ambayo ghafi yake haifiki dola 150 hivi, sioni hesabu inayokubali.

Njia inayofanya kazi ni ndugu aliyeko Marekani. Atakayekuja likizo arudi nazo kwenye mkoba wa mkononi, azitume kwa jina lake, na ikiwa nia ni kuuza ziuzwe huko huko. Mwandikiane orodha yenye picha kabla hajaondoka. Undugu ni undugu, lakini kadi ya dola 600 ikipotea bila orodha, kikao cha familia hakitaisha.

## Mashaka yaliyobaki

"Nataka tu kuihifadhi, siuzi." Basi nunua kava la sumaku la dola chache. Linazuia vumbi na mionzi ya jua vizuri, na unaweza kuitoa kadi ukapenda.

"Ina saini." Saini iliyotoka ndani ya pakiti imethibitishwa na kampuni iliyochapisha, kwa hiyo kanuni ni zile zile. Saini uliyoipata kwa mchezaji mlangoni haina ushahidi. Hiyo ipeleke ithibitishwe, iwe PSA/DNA, JSA au Beckett, na usihangaike na gredi ya kadi.

"Jamaa yangu alituma tano, zote zikarudi 10." Muulize alikataa ngapi kabla ya kutuma hizo tano.

"Imerudi 9 na nina hakika ni 10. Nivunje kasha niitume tena?" Inafanyika, na mara nyingine gredi hupanda. Lakini unalipa ada upya, unasubiri upya, unaweza kuijeruhi wakati wa kuvunja, na inaweza kurudi 8. Kabla hujashika koleo, iangalie tena ikiwa ndani ya kasha chini ya ile taa moja ya mezani, kwa lenzi, ukiitafuta sababu ya 9. Ukiiona, umepata jibu. Usipoiona, na tofauti ya bei kati ya 9 na 10 ni mara tano ya ada au zaidi, jaribu mara moja. Ikirudi 9 tena, iuze.